Dada Bok-sun Hakutaja Jina

Mama yangu mpenzi,

Nakuinamia kutoka huku milimani, nikiomba barua hii ikukute umeamka salama, goti limekuachia, na wifi yangu anakuwashia moto wa chini ya sakafu ikapata joto la kutosha. Sisi hatujambo. Theluji imewahi mwaka huu na njia ya kwenda kwenye kaburi la Baba imeziba, lakini mimi na mume wangu Du-sik tuliwahi kulifyeka, kwa hiyo kwa hilo lala usingizi. Naye anakusalimu, na anasema kiuno chake kinakusalimu pia, maana tangu siku ile ya kufyeka hakijanyooka.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu. Mara ya mwisho nilikuuliza kuhusu kabichi ukanijibu habari za mazishi, nikasikia nyumba nzima ya Kaka inacheka. Na ninayotaka kukueleza leo si mambo ya kupigiana kelele.

Uliniuliza kama wale wanawake wa vizibao vya rangi ya waridi bado wanaandamana mjini. Wanaandamana, Mama, na mwanao yumo. Tawi letu la chama cha wafanyakazi wa shule limenenepa. Lilianza na sisi wapishi tu. Sasa wamo wafagizi, walinzi, na wale akina mama wanaosindikiza watoto kwenye mabasi. Mwezi wa kusindika kabichi za kimchi tulikusanyika uani kwa ofisi ya chama tukawatilia viungo wenzetu waliostaafu, mapipa kwa mapipa, na Hwa-ja, mpishi mwenzangu ambaye ulimi wake unaujua, akawaambia wastaafu kwamba atakayelalamika chumvi imezidi atarudishwa kazini.

Mwenyekiti wetu ni Tak Bok-sun, binti wa yule mwanamke aliyekuwa akipita na toroli la tofu alfajiri, akipiga kengele. Wewe ulikuwa ukisema mtoto yule ana miguu kama vijiti. Basi vijiti vile vimesimamisha mji. Ni mkubwa kwangu kwa umri, sote tunamwita Dada, hata mlinzi mwenye mvi anamwita Dada. Si msemaji mzuri. Akipewa kipaza sauti hukishika kama mwiko. Lakini kama mtu amefiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, na kama mtu ameonewa na mwalimu mkuu, huenda kukaa mlangoni kwa mwalimu mkuu na chai yake ya shayiri mpaka apokewe.

Mwaka huu jambo letu kubwa lilikuwa moshi. Jiko letu liko chini ya ardhi, unalikumbuka, ulikuja siku ya sherehe ya shule ukasema linafanana na mlango wa mgodi. Siku za vyakula vya kukaanga tunasimama juu ya mafuta asubuhi nzima, watoto wa shule nzima wapate nyama yao ya moto, na mashine ya kuvuta moshi ilikuwa inanguruma tu bila kuvuta kitu. Tukipanda juu tunakohoa, tunachekana, tunasema mafua. Kisha tukasikia kwamba wapishi wa mikoa mingine wamepata ugonjwa wa mapafu, watu ambao hawajawahi kugusa sigara. Chama kikadai tupigwe picha za mapafu wote. Tukapigwa. Kila mtu akapewa majibu yake mkononi, siri yake, na Dada Bok-sun akatuambia kwamba mwenye kutaka kumwambia amwambie, asiyetaka asilazimishwe na yeyote.

Ndipo mazungumzo na ofisi ya elimu yakaanza. Upande wao alikaa Bwana Guk, mkuu wa idara ya chakula cha shule, mtu mpole wa sauti, anayekusukumia sahani ya machungwa kabla ya kukunyima. Tulimwomba mashine mpya za moshi katika shule zote na vyakula vya kukaanga vipunguzwe. Akasema anatuonea huruma sana, lakini fedha haziendi mahali pasipo na hitaji. Akasema, mikono kifuani, "Akina dada, hapa kwetu hajaugua hata mmoja. Nipeni mgonjwa mmoja tu, nami nitagonga milango ya wakubwa."

Sote tukamgeukia Dada Bok-sun. Alikuwa anatazama machungwa. Akasema tu, "Unasubiri mtu augue ndipo ufungue dirisha?" Bwana Guk akatabasamu, kikao kikaisha.

Huko nje Hwa-ja alimrukia. Akamwambia, "Dada, mbona umekaa kama chungu cha uji! Mtu anakwambia umpe mgonjwa, wewe unaangalia matunda!" Dada Bok-sun akamjibu kwamba tutagoma siku moja, na kama haitoshi tutagoma tena.

Tuligoma. Watoto walikula mkate na maziwa, na wazazi wakaja juu. Mwenye duka la kuku wa kukaanga pale karibu na stesheni alikuja mpaka langoni akiwa na aproni yake, akamfokea Dada Bok-sun mbele ya watu. "Mimi nakaanga kuku mwaka mzima, nimekufa? Nyinyi mnalipwa na serikali, mnataka na kiyoyozi!" Dada akainama, akamwomba radhi kwa ajili ya chakula cha mtoto wake. Kisha akamuuliza feni yake ameiweka wapi dukani. Yule bwana akasema iko ukutani, kubwa, mkewe ndiye aliyeshikilia inunuliwe. Akaanza kujifuta mikono kwenye aproni. Dada akamwambia, "Una mke mwema, baba. Sisi tunamtafuta wa kutushikilia hivyo." Mama, jioni yule bwana alituletea kuku mahali tulipoketi barazani kwa ofisi ya elimu. Alikuwa bado amenuna, lakini alileta.

Hapo barazani ndipo Dada Bok-sun aliponyolewa kichwa hadharani, theluji ikidondoka, kama wafanyavyo viongozi wa vyama wakishakosa neno la kusema. Sisi tulikuwa tunalia. Mashine ya kunyolea ilipomaliza Hwa-ja akajifuta pua, akasema kwa sauti, "Angalau sasa hakuna atakayedai kaona unywele kwenye supu." Tukacheka huku tunalia, na Dada mwenyewe alicheka mpaka kizibao kikamdondoka begani.

Lakini ofisi haikutikisika, ikarudia wimbo wake wa mgonjwa mmoja. Na wakati huo maneno yakaanza kuvuja jikoni kwamba mgonjwa yupo, kwamba kuna mwenzetu picha yake imetoka na doa, na mwenyekiti anamjua. Watu walikasirika. Walikuwa wamekatwa mishahara ya siku za mgomo, wamesimama kwenye baridi, kumbe silaha iko mfukoni mwa mtu. Hwa-ja ndiye aliyemkabili, tena mbele yetu sote. Akamwambia amtaje mtu huyo, kwa sababu anayefichwa ni mmoja na wanaovuta moshi ni wengi.

Dada Bok-sun hakupandisha sauti. Alisema, "Mimi ni mwenyekiti wa tawi, Hwa-ja. Si mwenyekiti wa mapafu ya watu. Mwenyewe akitaka kusema atasema. Asipotaka, nitakufa nalo."

Hwa-ja akasema basi na uenyekiti afe nao. Ukaitishwa mkutano wa tawi, wa kumwondoa.

Mama, hapa naomba ukae chini. Kama umesimama dirishani ukae, umwite wifi akae karibu nawe.

Mtu huyo ni mimi.

Doa lilikuwa kwenye pafu la kulia. Nililijua tangu majira ya kuchipua, na ile safari ya Wonju niliyokwambia ni ya mafunzo ilikuwa ya hospitali. Du-sik alikuwa kazini kwenye boti za mbali; aliyenisindikiza ni Dada Bok-sun. Alikaa nje ya chumba cha picha ameshika koti langu na viatu vyangu, na nilipotoka alinivalisha viatu kama mtoto. Nilimwomba asiseme kwa mtu yeyote. Aliniuliza sababu, nikamwambia kwamba mama yangu alifua vitambaa vya mume mchimba makaa vyenye damu miaka yote ile, akamzika kwa sababu ya mapafu, na siwezi kumpelekea mapafu mengine. Alisema sawa. Hakuniuliza tena hata siku moja. Bwana Guk alipomnyima, wazazi na Hwa-ja walipomfokea, sijawahi kumwona akinigeuzia jicho, hata la bahati mbaya, lisije likanisaliti au kunisuta.

Nilikwenda kwenye mkutano ule nikiwa nimekusudia kukaa kimya, sikufichi. Ukumbi ulijaa. Hwa-ja alisema yake, na watu wengi walimwitikia. Dada Bok-sun alipopewa nafasi ya kujitetea, alisimama na kichwa chake kile kitupu akasema hana la kujitetea, ila anaomba yeyote atakayemrithi asimtafute mtu huyo. Akakaa. Akafunua sanduku lake la chakula akaanza kula wali baridi, kama mtu aliyemaliza zamu yake.

Ule wali ndio ulionishinda. Mikono ilipoanza kunyanyuliwa ya kumwondoa nilijikuta nimesimama. Sikuhutubia. Nilisema, "Shusheni mikono. Ni mimi. Yeye alinitunzia siri." Nikasema pafu gani, na nani alinishikia viatu. Kisha Hwa-ja akaja mbio akipigapiga viti, nikadhani ananipiga, akanikumbatia akaniita mpumbavu, mpumbavu mkubwa, kwa nini nilikuwa nabeba masufuria ya supu mbele ya macho yake. Na Dada Bok-sun, unajua alifanya nini? Alikasirika. Alikuja na wali mdomoni akaniambia, "Nani alikutuma? Lawama zao nilikuwa nimeshazizoea!" Kisha akageukia ukuta, mabega yakawa yanamtikisika, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Hawakumwondoa. Walimchagua upya palepale, Hwa-ja akinyanyua mikono yote miwili.

Kikao kilichofuata nilikaa mimi mbele ya Bwana Guk. Dada aliniuliza mlangoni kama nataka kurudi nyumbani, kwamba hata sasa naweza. Nikaingia. Nilimwambia Bwana Guk kwamba mgonjwa aliyemtafuta ndiye huyu. Akauliza nina watoto wangapi, kisha hakujua la kufanya na sahani yake ya machungwa. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Milango ya wakubwa aliigonga kweli. Likizo hii mafundi wameanza kubomoa dari ya jiko letu na ya majiko ya shule nyingine mbili, watie mashine mpya, na zilizobaki zimeahidiwa mwaka ujao. Sisi tunaziita ahadi mpaka tutakapozisikia zikivuta. Kukaanga kumepunguzwa. Madai yangu ya fidia bado yako mezani kwao, na Dada huenda huko na chai yake ya shayiri.

Mimi nimepasuliwa, Mama. Nimekwisha kupasuliwa, ndiyo maana nakuandikia sasa na si kabla. Daktari alikata kipande, akasema lilikuwa bado dogo na halijatembea. Nitarudi kupimwa mara kwa mara kwa miaka mingi. Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Lakini napanda ngazi mwenyewe, nakula, na kidonda kinanikera usiku nikilalia upande ule. Du-sik ameacha boti, yuko nami. Usije sasa na theluji hii. Njoo barabara zikifunguka, nami nitakuja kukupokea stesheni kwa miguu yangu.

Unikasirikie mimi, Mama, una haki. Usimkasirikie yeye. Maana barua hii sikuitia posta. Dada Bok-sun anakwenda kwenye mkutano mkuu wa chama, na amekataa katakata kupita karibu na Ansan bila kufika kwako. Huyo mwanamke mwenye kofia ya sufu aliyekukabidhi bahasha, anayekaa kimya akikutazama unavyosoma, ndiye. Ameniambia atakupigia magoti akuombe radhi kwa kukuficha habari za mwanao.

Tafadhali, Mama, asipige magoti. Mvue kofia, umpitishie mkono kichwani, nywele zimeanza kuota. Kisha umpakulie. Atasema ameshiba, usimsikilize. Maisha yake yote huyu amepakulia watu, na sijawahi kumwona akipakuliwa.

Wasalimie Kaka na wifi na watoto. Jifunike vizuri.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Pyo Myeong-ok