Ngozi ya Mama Ukutani

Lodwar, Jumamosi. Tangu asubuhi upepo unapeperusha vumbi, na mimi sina hamu ya kumtazama mtu yeyote usoni.

Nilifundisha miaka mingi, nikiwaadhibu watoto waliochukua kitu bila ruhusa. Leo naandika kosa hilohilo, nalo ni langu.

Tangu nistaafu nimejitengea chumba kimoja cha kusikilizia muziki. Sabufa, ile spika ya sauti nzito za besi, ilinitesa. Nikiketi kitini, besi ilinguruma hadi ikafunika sauti za waimbaji. Nikisogea hatua mbili, ilipotea. Deng, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayepanga spika za kanisa kule Kakuma, alinifundisha kuiweka sabufa juu ya kiti changu, kisha nitambae sakafuni nikitafuta mahali besi inaposikika sawasawa. Nilitambaa, mzee mzima. Nilipapata mahali hapo, nikaihamishia sabufa papo hapo. Hata hivyo, ukuta wa nyuma uliendelea kuvuma.

"Mwalimu, tafuta ngozi nzito ya ng'ombe," Deng aliniambia kwa simu. "Iwambe kwenye fremu, nyuma weka sponji ya godoro. Itameza hiyo kelele."

Ngozi zinauzwa sokoni. Sikwenda sokoni.

Niliingia stoo nikaitoa ngozi ya kulalia ya marehemu mama. Dada yangu Akiru aliniachia niitunze kwa sababu nyumba yangu ya mawe haina mchwa. Yeye na mimi tulizaliwa juu ya ngozi hiyo. Ilizidi fremu kwa upana wa vidole vinne; nikaikata. Kisha nikaipigilia misumari na kuitundika kwenye ukuta wa nyuma.

Chumba kilitulia. Nakiri kwamba nilifurahi.

Jana Akiru alifika kutoka Kataboi, alale kwangu wiki nzima akitibiwa macho. Haoni vizuri, kwa hiyo alipapasa ukuta akitafuta kiti. Mkono wake ukasimama. Ukapita polepole juu ya sehemu iliyolainishwa na ubavu wa mama, ukafika kwenye msumari.

"Hii si ya mama?"

Nikaanza kumweleza habari za besi.

Naam. Habari za besi.

"Kwa hivyo mama sasa ni ngoma ya kupigwa na redio?" Akapapasa ukingo. "Na hapa umekata! Wewe mwalimu, kuniuliza ilikuwa shida gani? Si simu uko nayo?"

Akampigia binti yake anayeishi ng'ambo ya mji, aje amchukue. Nilimpa mkono nimsindikize mlangoni. Akaukataa, akatafuta njia kwa fimbo yake.

Leo nimeng'oa misumari yote. Matundu hayazibiki. Kipande nilichokikata nilikitupa siku ileile, wala sikumbuki wapi.

Kesho, kabla ya ibada, nitaibeba ngozi begani, wazi, nipite nayo barabarani hadi kwa binti yake, aliko Akiru. Akiuliza kilipo kile kipande, nitamwambia ukweli. Huenda asinifungulie. Bado sijui neno la kwanza litakuwa lipi. Najua tu kwamba halitakuwa "lakini".