Jina la Nne Saa Sita Mchana

Guayabal, kiwandani
Jumanne, katikati ya Julai

Kaka yangu mpenzi Quirino,

Barua hii ikukute umeketi kitandani bila kushikwa mkono na mtu, na moyo wako unakwenda kwa adabu kama daktari alivyouagiza. Sisi huku wazima. Mke wangu Nereida anakusalimu sana. Goti lake linamsumbua kila mvua ikikaribia, na mwezi huu mvua haijui kupumzika. Msimu wa miwa umekwisha, mashine zimenyamaza. Unaijua Guayabal ikikosa miwa ya kusaga: inasaga watu. Mwaka huu imeamua kunisaga mimi.

Barua yako ilifika jana mchana. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Lile swali lako nitalijibu, kaka, lakini niache nianze mbali, maana nikilijibu sasa hivi nitaweka kalamu chini nisiishike tena.

Timu ya besiboli uliyoniachia niifundishe ilianza vizuri, hilo ulilisikia. Mpaka mwisho wa Mei tulikuwa juu ya wote. Halafu Juni ikaingia na magongo yetu yakafa. Tulifungwa mechi tisa mfululizo, kaka, tisa! Warushaji wetu hawana kosa, wanajitahidi maskini, lakini mrushaji hawezi kushinda mechi ambayo wenzake wanapunga upepo tu. Wanaume ni wale wale, magongo yale yale, wali na maharage yale yale. Nilikaa na daftari usiku na mchana nikitafuta kilichobadilika, na sikukiona.

Nikaanza kupangua orodha ya wapigaji. Nikawaweka wenye mbio mbele, tukapoteza. Nikawaweka wazito mbele, tukapoteza. Siku moja niliwapanga kwa umri, kama watoto wa shule, tukapoteza kwa heshima kidogo. Nolasco, yule mdakaji wetu, akaniambia mbele ya wote kwamba siku hizi akifika uwanjani lazima asome orodha ukutani kwanza ndipo ajue yeye ni nani. Akaniuliza kama kesho nitampanga awe mwamuzi. Walicheka wote, nami nikacheka, kumbe rohoni nilikuwa nafikiria kama isingefaa kweli.

Na mji mzima umekuwa kocha. Kinyozi alisimamisha wembe shingoni mwangu akanieleza nani anapaswa kupiga wa kwanza, na mtu mwenye wembe shingoni habishi. Padri naye alinishika mkono baada ya misa akanong'ona jina la mpigaji wa tano. Doña Mélida, yule anayekaanga maandazi ya yaniqueque pale langoni, alisema hakuna cha orodha wala nini, hiyo ni fukú, kuna mtu katutupia mkosi, na dawa yake ni kuosha magongo kwa majani ya ruda na chumvi. Usicheke, Quirino. Mimi niliyekuwa nikiwacheka watu wa fukú maisha yangu yote, nilisukuma toroli lenye magongo kumi na manne hadi uani kwake. Akayaosha, akayaanika juani. Kesho yake mawili yalipasuka raundi ya kwanza na tukafungwa tisa kwa bila. Nilipomwendea aliniambia hiyo ndiyo ishara ya wingi wa fukú iliyokuwa imejificha humo.

Sasa nije kwa Wascar, mwanao.

Tangu enzi za marehemu baba, mpigaji wa nne wa Guayabal, yule anayetegemewa kuliko wote, ni Peguero. Baba alipiga wa nne, wewe ukapiga wa nne miaka kumi na tisa ukiwarudisha wenzako nyumbani, halafu akaja Wascar. Mimi nilikuwa wa nane, na hukuniacha nisahau. Basi Juni yote, katika mara thelathini na nane alizosimama na gongo, Wascar aliupiga mpira vizuri mara mbili. Watu walimzomea: "Wascar, kamwite baba yako aje akushikie gongo!" Akawa anaingia uwanjani akitazama viatu vyake.

Jumatatu moja akaja nyumbani, mimi namnyonyoa kuku. Akachutama upande wa pili wa beseni, akaanza kunisaidia kunyonyoa. Baadaye akasema, "Baba mdogo, nitoe pale. Niweke popote. Nikisimama nafasi ya nne nasikia viatu vya baba nyuma yangu." Nikamwambia nitafikiri.

Wiki hiyo hiyo mkeo Yocasta alinipigia simu ofisi ya kiwanda. Alisema unaendelea vizuri lakini daktari hataki usumbuliwe na jambo lolote. Akanisimulia kwamba kila siku ya mechi, saa sita mchana, nyumba nzima hunyamazishwa, hata wajukuu, unasogeza redio karibu na sikio, na mtangazaji akifika jina la nne unainua kidole juu mpaka alimalize. Akasema hicho kidole ndicho dawa yako. Nilirudisha simu mahali pake nikasimama pale ofisini hata karani akaniuliza kama kuna aliyekufa.

Kaka, fikiria ungekuwa mimi. Mtoto ananiomba nimtoe nafasi ya nne, na wewe huko Santiago umeinua kidole unamsubiri hapo hapo.

Unajua utaratibu wetu. Asubuhi naandika orodha mbili: moja inakwenda kwa katibu wa ligi, ndiyo anayoishika mwamuzi na ndiyo inayosomwa redioni, ya pili naipigilia msumari ukutani kwenye kibanda chetu ili wachezaji waisome. Redio haitangazi mechi za viwanda, inasoma majina mchana na matokeo jioni, basi. Miaka yote orodha hizo mbili ni kitu kimoja. Siku ile kwenye ile ya katibu niliandika Wascar wa nne, Nolasco wa nane. Kwenye ile ya ukutani nikaandika Nolasco wa nne, Wascar wa nane. Nikapigilia msumari.

Tukashinda kumi na moja kwa mbili.

Wascar alipiga mara tatu, na mara moja mpira ulivuka ukuta ukaangukia kwenye mbuzi wa watu. Mechi ya pili tukashinda. Ya tatu, ya nne. Sielewi, Quirino, naapa sielewi. Mpira ni ule ule, gongo lile lile, mikono ile ile. Kati ya nne na nane kuna nini? Kinyozi alininyoa bure akinisifu akili. Doña Mélida alisema ruda imeanza kufanya kazi. Na kwa ile tofauti ya redio na uwanja kila mtu aliilaumu redio. Walisema mtangazaji yule siku hizi anaanza kunywa mapema. Nami niliitikia, nikamsingizia mtu wa watu ulevi. Niliwaza: ilimradi timu inashinda na kidole cha kaka kinainuka, nani kaumia?

Jumapili iliyopita tukacheza na Caracoles, timu ya Tulio, baba wa ubatizo wa binti yangu. Raundi ya saba tuko nyuma mbili kwa tatu, watu wetu wawili wametolewa, wawili wako vituoni, na ni zamu ya Nolasco. Akaupiga ukatambaa hadi uzioni. Wawili wakaingia nyumbani. Nne kwa tatu! Uwanja ukapasuka, Doña Mélida akairusha yaniqueque iliyokwisha lipiwa. Hapo nikamwona Tulio anatoka kibandani kwake pole pole, mikono nyuma, kama anayekwenda kuangalia mihogo yake. Akamnong'oneza mwamuzi. Mwamuzi akatoa karatasi mfukoni.

Sheria unaijua kuliko mimi. Nolasco kapiga zamu isiyo yake: pigo linafutwa, alama zinafutwa, na anayehesabiwa katolewa ni yule aliyeandikwa kwenye karatasi hiyo. Mwamuzi akageuka akaita kwa sauti kwamba Wascar Peguero ametolewa. Wascar alikuwa ameketi kwenye benchi anatafuna kipande cha muwa. Uwanja mzima ukanigeukia. Tulio alinipita karibu akasema, bila ubaya, "Evaristo, hata mimi nina redio." Tukafungwa tatu kwa mbili.

Watu walipoondoka nilibaki kibandani naitazama ile orodha ukutani. Wascar alibaki pia. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Baba mdogo, nimetolewa hata gongo sijashika." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini, na sikujua kama nicheke au nilie. Akaniuliza nilimwandikia nani ile orodha. Nikamwambia, "Baba yako." Akaacha kucheka. Akasema angenieleza jambo mapema kama ningemwuliza, lakini mimi huwa siulizi, napanga tu. Hakulisema jambo lenyewe. Akachukua gongo lake akaenda zake.

Jana ikaja barua yako, na jambo lenyewe limo ndani. Unasema Wascar alikuandikia wiki ile ile ya kuku, akakueleza aliomba atolewe nafasi ya nne, kwamba anapiga wa nane, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu Pasaka analala usingizi. Unasema ulifurahi hata Yocasta akakupima mapigo. Halafu saa sita ukawasha redio usikie jina lake likiwa la nane, ukalisikia la nne. Mechi ya pili la nne tena. Unasema kidole hukukiinua tena. Ulikaa ukijiuliza kama mwanao amekuandikia uongo ili akutulize. Na unaniuliza mimi, mdogo wako: kati ya Wascar na redio, umwamini nani?

Mwamini mwanao, Quirino. Mwongo ni mimi.

Na kwa kuwa nimeanza kuungama nimalize. Nimekuambia nilidanganya kwa ajili ya moyo wako, na ni kweli, lakini si yote. Siku ile nilipoandika ukutani jina Peguero kwenye nafasi ya nane, nafasi yangu, nilifurahi. Ilikuwa furaha ndogo, mbaya, ya mtu aliyekaa chini yako miaka kumi na tisa. Niliona aibu hapo hapo, na nadhani aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie wewe ile nne. Nadhani tu. Nimelipindua jambo hili kila upande na bado sijui ni upendo gani na ni wivu gani. Wewe uliyekuwa ukiusoma mpira kabla haujatoka mkononi mwa mrushaji, labda utanisomea.

Ligi imenipa onyo, na kinyozi amerudi kunitoza. Keshokutwa tunacheza tena. Orodha nimeiandika mara moja tu, kwa karatasi ya kaboni, na Nereida akazilinganisha jina kwa jina. Saa sita waambie wajukuu wanyamaze. Yatapita majina saba ya watu wa watu, halafu litakuja la mwanao. Usiizime redio kabla ya hapo.

Wasalimie Yocasta na watoto wote. Doña Mélida amekufungia mfuko wa ruda, nami sikuthubutu kukataa. Fanya nao utakavyo.

Nisamehe, kama moyo unaruhusu.

Ndimi mdogo wako, wa nane,
Evaristo