Amina ya Kwenye Gare

Kalemie, 2 Machi 1978

Mutoto wangu Maliki,

Salaam alekum. Huku tuko wazima, ila mugongo wa mama yako unamusumbua. Habari za kambini Kamina?

Maliki, umenivua nguo! Konje yako ya kuja nyumbani ilikuwa fupi na umebomoa kila kitu. Muzee Husseini, baba wa Zabibu, muntu aliyekubali kukupa binti yake, alikutolea salaam sokoni mbele ya wauza ndagala wote. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Ukapita na kepi yako, macho mbele. Siku ile ile akarudisha posa.

Nikakufuata kwenye gare ya treni nikakulaani, ndiyo, nikakulaani: usipate muke, usipate mutoto wa kukuitikia. Nawe ukainamisha kichwa, ukasema, "Amina, Papa," ukapanda treni. Kunichezea hivyo! Kwa sababu unapiga muzinga wa jeshi, sisi njo takataka?

Papa yako, mwenye haya

Kamina, 9 Aprili 1978

Papa yangu mupenzi,

Alekum salaam. Na umupelekee Muzee Husseini hizi: alekum salaam, alekum salaam, alekum salaam. Ni zake tatu.

Mama pole. Mimi mwili ni muzima, masikio njo yamekufa. Mimi njo ninayeingiza bombe ndani ya muzinga. Wenzangu wanaziba masikio kwa vidole. Mikono yangu imejaa. Tangu vita vya mwaka jana la kushoto lilikwisha, la kulia likafuata. Niliona haya kusema. Nani atamupa kiziwi binti yake? Nikajiambia, nitatabasamu tu mpaka konje ipite.

Kwenye gare niliona umeinua mikono, mudomo unatembea. Nikafikiri unaniombea dua ya safari. Nilifurahi mpaka machozi, Papa. Njo maana niliitikia.

Mutoto wako, Maliki

Kalemie, 1 Mei 1978

Maliki wangu,

Salaam alekum. Masikio yanauma? Unalala vizuri?

Barua yako niliisoma kwa sauti kwa Muzee Husseini. Nilipofika pale pa gare nikashindwa. Zabibu akaichukua, akaimaliza yeye. Muzee alilia. Posa imekubaliwa tena. Mimi sikuwa na mahali pa kuficha uso. Muntu muzima na mvi zangu, kumulaani mutoto asiyesikia!

Sasa naiandika dua, uione kwa macho: Mungu aifute laana yangu, akupe Zabibu, akupe watoto wa kukuitikia. Unijibu neno moja tu, Amina.

Papa yako

Kalemie, 20 Julai 1978

Mutoto wangu,

Salaam alekum. Nilikusalimu mwezi wa tano. Vita vikaanza Kolwezi, nikakusalimu mwezi wa sita. Hii njo salaam ya tatu.

Kila treni ikileta askari, ninakwenda gare kuwauliza kuhusu ninyi wa muzinga. Wananipita, macho mbele. Siwakasirikii. Mama yako na Zabibu wanakusalimu sana, na dua ile ingali inangoja Amina yako.

Jirani wananiambia, "Papa Maliki, kimya nacho ni jibu." Ninawakatalia. Muntu asiyejibu salaam, pengine mikono yake imejaa tu.

Papa yako