Nilionja Mimi Kwanza, Wakwe Wakaugua

Mshauri mpendwa,

Salamu kutoka milima ya Masisi. Naomba unisaidie kufikiri, maana nimefikiri peke yangu mpaka mke wangu anasema nitapata kichaa. Mimi ni mkulima wa maharagwe, na binti yangu Mukandayisenga ameposwa na kijana wa Kalembe, na wazee wa kijana walipokuja kuzungumza mambo ya mahari mke wangu alipika maharagwe na ndizi, nami nikatoa mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi niliyoikamua mwenyewe, na kwa kuwa kwetu mwenye nyumba huonja kwanza ili wageni wajue hakuna sumu, nilishika mrija nikavuta mbele ya macho yao, ingawa siku ile niliamka na tumbo la kuendesha, lakini mtu hawezi kulala ndani wakwe wakiwa mlangoni, basi nikajikaza, nikawa natoka nyuma ya nyumba na kurudi nikicheka, na mrija ukazunguka kwa kila mzee kama inavyotakiwa.

Walipokwisha kufika kwao wakaanza kuhara damu, wote. Mzee Nzabandora, baba wa kijana, hata kusimama alishindwa. Sasa wameanza kupona, lakini mimi nabaki na maswali. Wanawake walikula maharagwe yale yale, hawakuugua. Pombe iliyobaki niliimaliza mwenyewe, na nguvu zangu zimerudi. Mwanaume mwingine aliyesalimika ni jirani yangu Barthélemy, aliyeketi nasi siku ile, ambaye dini yake inakataza pombe, akaupitisha mrija bila kunywa.

Nzabandora ametuma neno: “Ule mwenye alikataa mulija, njo ule alitia sumu. Kisha mavuno tutarudia, utamutaja mbele ya chefu, ao mutoto wako abakie kwako.” Mke wangu ananiambia, “Taja tu, mutoto aolewe.” Na Barthélemy kila asubuhi ananiuliza, “Papa Sebahire, bagonjwa beko namna gani?”

Ni sumu gani inayoangusha wageni na kumwacha mwenye mtungi?

Sebahire, Masisi

JIBU

Papa Sebahire,

Pole, na ninapenda mtu anayeuliza. Umechunguza maharagwe, umechunguza mtungi, umemchunguza jirani. Umemruka mtu mmoja tu. Rudi kwenye barua yako, pale unapotoka nyuma ya nyumba na kurudi ukicheka. Ulinawa mikono? Hukuandika. Mkono ule ule ulishika mrija.

Kuhara kwa namna hiyo hupita kwa mikono, kwa maji na kwa nzi, na hukaa tumboni siku moja au zaidi kabla ya kumwangusha mtu, ndiyo maana wazee walirudi Kalembe kwa miguu yao. Wewe pombe haikukudhuru kwa sababu ugonjwa ulitoka kwako, na mwili wako ulikuwa umeshaanza kuushinda. Barthélemy alisalimika kwa sababu mdomo wake haukugusa. Kuonja kwanza ni desturi nzuri, inamfichua mwenye nia mbaya. Mwenye tumbo bovu haimfichui, na wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii nusura kiwaumbue wengine.

Tumbo likiendesha tena, kaa mbali na mtungi, ndugu yako aonje. Kila utokapo chooni nawa kwa sabuni, ukikosa sabuni tumia majivu, na choo kiwe mbali na chemchemi. Mgonjwa anywe, anywe tena: maji yaliyochemka, uji mwepesi wenye chumvi kidogo, mchuzi wa maharagwe. Wako wanaomnyima maji eti yatatoka tu. Hao ndio wanaomuua. Akitoa damu, au macho yakizama, au mkojo ukikosekana, achukuliwe kwa kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, hadi dispensari, na mtoto mdogo msimngojee hata kidogo.

Sasa jirani yako. Kesho asubuhi akikuuliza hali ya wagonjwa, mwambie ukweli, yeye kabla ya wengine, umwombe msamaha kwa jambo ulilokaribia kumtendea. Kisha usingoje mavuno. Panda njia ya Kalembe. Huenda Nzabandora akakasirika, huenda akadai mbuzi juu ya aibu yake. Binti anaweza kuolewa kwa watu waliokasirika kidogo. Ndoa iliyojengwa juu ya mgongo wa Barthélemy binti hatailalia kwa amani, wala wewe.

Wakwe wanataka jina la aliyewaangusha. Wapelekee: Sebahire.