Shibiri Mbili za Eddo

Jumatatu, 19 Mei

Natafuna tangu alfajiri. Taya zinauma. Gome la mgunga ni chungu kuliko dawa, na ukimeza maji yake maziwa ya mtoto yanakuwa machungu. Ndivyo anavyosema Eddo, mama mkwe wangu. Kwa hiyo natema. Natafuna, natema, nasokota uzi kwenye paja, binti yangu Sumeya yuko mgongoni. Nikifika shule mdomo ni mwekundu kama wa mtu wa tambuu.

Hodhan, tunayekaa naye dawati moja, aliniona getini akapiga kelele. "Wallahi Mama Sumeya anachana! Miraa asubuhi yote hii!"

Nikamwambia ni kazi ya mtihani.

"Mtihani gani wa kutafuna? Basi mbuzi wetu angepata A."

Nilicheka pia. Ungefanya nini.

Tuko sita tu kidato cha nne tunaofanya Sanaa. Mwenye mtoto ni mimi peke yangu. Karatasi ya mradi inasema: fuma kitu cha kutandika au kutundika, kwa vifaa vya mahali unapoishi, kisipungue mita moja. Wenzangu wamenunua nyuzi za dukani. Mimi nikasema nitafuma mkeka wa aqal. Madam Nafula, mwalimu wetu, ni mtu wa Bungoma, hajawahi kuuona. Nikamweleza: ni wa nyuzi za magome, upande mmoja laini, upande wa pili manyoya marefu, unafunika aqal, nyumba yetu ile ya kuhama, mvua inateleza. Akachukua kalamu akaandika.

Mwalimu anaandika nililosema mimi. Nimetembea nalo kichwani siku nzima.

Jumatatu, 26 Mei

Sentimita kumi na nane. Madam atapima kila Jumatatu, anaandika urefu kwenye fomu, anatia sahihi. Kitabu kinaziita nyuzi za wima mtande, za kukatiza mshindio. Eddo hana maneno hayo. Ananipiga kofi dogo mkononi nikikosea, basi, nimefundishwa. Yeye anapima kwa kiganja. "Shibiri moja, kasoro ukucha."

Madam amenikubalia niende na mkeka nyumbani. Magome lazima yakae na unyevu, na chumba cha Sanaa kinafungwa saa kumi. Sharti ni moja. Usiguswe na mkono mwingine. Alilisema mara tatu.

Eddo anabaki na Sumeya nikiwa shule. Bashir, mume wangu, yuko Mandera kwenye duka la ami yake, harudi mpaka Disemba. Bila Eddo hakuna shule. Hiyo haihitaji hesabu.

Jumamosi, 31 Mei

Nguo, kuleta maji kwa punda, kupika anjera, nguo tena. Nikafuma saa tatu za mchana kivulini. Mkono umeanza kwenda wenyewe. Sikuwa naangalia tena, nilikuwa nafuma tu. Nikainua kichwa, Eddo ananitazama.

Akaanza kusimulia Sangailu, kijijini kwao. Alipoolewa, mikeka ya aqal yake ilifumwa na dada zake, shangazi zake, hata majirani waliokuja kuteka maji. Kila mmoja alitia shibiri yake. Ukiujua mkono wa mtu unaweza kusema, hapa alikuwa fulani, hapa fulani. "Bibi harusi akifuma peke yake watu wanauliza, huyu hana wenyewe?"

Mimi niliolewa hapa mjini. Nyumba ya mabati, godoro la dukani. Hakuna aliyenifumia kitu. Eddo aliangalia pembeni, akamwita Sumeya ambaye alikuwa mapajani mwake.

Jumapili, 8 Juni

Idd imepita. Vyombo havijaisha. Ami mmoja wa Bashir aliuona mkeka ukutani akauliza, "Haya ndiyo masomo? Si mama zetu walijua haya bila kwenda shule?" Watu wakacheka. Nikamjibu, "Ndiyo, ami. Na hakuna aliyewapa alama." Akala nyama yake.

Najua sikupaswa. Nilifurahi.

Shibiri karibu tatu. Kesho Madam anapima.

Jumatatu, 9 Juni

Hamsini na nane! Madam alipitisha mkono juu ya manyoya, akageuza, akapitisha tena. Kisha akawaita wale watano waje waone. Nilisimama pale na mdomo wangu mwekundu kama malkia.

Jumanne, 10 Juni

Sumeya anahara. Mara sita. Hanyonyi.

Alhamisi, 12 Juni

Wodini. Jana walimtia maji ya mshipa, mguuni, maana mkononi hawakupata. Miezi kumi, mguu mdogo kama kidole changu cha gumba, ndivyo ninavyouona. Naogopa. Sifikirii mkeka. Uongo, nimeufikiria mara moja, nikajichukia.

Eddo alileta chai na maziwa ya ngamia. Macho yake mekundu. Nikadhani analia kwa ajili ya mtoto.

Jumamosi, 14 Juni

Tumerudi, alhamdulillah. Sumeya amenyonya mpaka akalala.

Nikaingia chumbani. Mkeka umekua.

Nilidhani naona vibaya kwa uchovu. Nikaweka kiganja. Shibiri mbili zaidi. Eddo akasimama mlangoni, midomo yake myekundu kama yangu, taya limevimba upande mmoja. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, meno yaliyobaki anayajua yeye, ametafuna siku nne.

"Ulikuwa na mtoto," akasema. "Nikasema kazi isilale."

Nikamkumbatia nikalia. Nilishukuru kwa kweli. Sharti la Madam lilinijia baadaye, nikiwa nakunja nguo za hospitali. Sikuwahi kumwambia Eddo. Nilidhani anajua. Angejuaje?

Jumatatu, 16 Juni

Tisini na tisa.

Madam alipima mara mbili. "Msichana wangu, na mtoto mgonjwa? Umefuma ukiwa wodini?" Akapiga makofi, wale wengine wakapiga. Akaandika 99, akatia sahihi. Nilikuwa na mdomo, sikuufungua.

Imebaki sentimita moja tu nifike kipimo.

Jumanne, 17 Juni

Nimekaa mbele ya mkeka nikautazama kama mtu mwingine. Mpaka unaonekana wazi. Uzi wangu ni mnene, unapumua. Wa Eddo ni mwembamba na umebana, hata sindano haipiti. Kazi yake ni nzuri kuliko yangu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Msahihishaji huenda asijue, kwake gome ni gome. Atatoa alama kwa shibiri nzuri zaidi, na hizo si zangu.

Mwisho wa fomu kuna mahali pa kuweka sahihi kwamba hii ni kazi ya mikono yangu.

Nilitoka shule mwaka juzi na tumbo. Nikarudi mwaka huu na maziwa yanavuja kwenye sare, wasichana wananitazama. Sikurudi ili nipewe alama za mtu.

Lakini nikifumua, Eddo je? Zile si shibiri tu. Ni deni la harusi yangu alilolibeba moyoni mwake. Nitamrudishiaje?

Naandika Kiswahili kwa sababu humu ndani hakuna mwingine anayekisoma.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia. Baada ya chakula cha mchana, Sumeya amelala. Nikakaa chini, chini kabisa, kwenye sakafu miguuni pake. Nikasema, Eddo, makosa ni yangu, sikukueleza. Mtihani huu ni wa mkono mmoja. Nitafumua.

Akauliza, "Ni mbaya?"

"Ni nzuri kuliko yangu."

"Sasa unafumua nini?"

Nikarudia. Mkono mmoja. "Mkeka wa mkono mmoja ni wa yatima," akasema. "Wewe ni yatima hapa?"

Nikasema tu, nitafumua, Eddo.

Alisema sawa. Hajasema kitu kingine tangu saa nane.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefumua kwa vidole. Sikukata hata uzi mmoja. Ilichukua muda kuliko kufuma, alivyobana. Nimezikunja nyuzi zote nikaziweka kwenye sanduku lake la bati, juu ya nguo zake za sala.

Nilipotoka alikuwa amevaa, na mfuko mkononi. Anakwenda Sangailu kumwona dada yake. Hakusema lini atarudi. Alimbusu Sumeya, mimi alinipa mkono.

Nimeupoteza mkeka nusu na mama mkwe mzima kwa siku moja.

Ijumaa, 20 Juni

Nilikwenda shule na mtoto mgongoni. Askari wa getini alikataa, kisha akamtazama Sumeya, Sumeya akacheka, akafungua.

Nikamweleza Madam yote. Hata makofi. Akatoa fomu. Akapiga mstari mwekundu juu ya 99, akaandika 58, akaandika pembeni kwamba mwanafunzi mwenyewe amefumua. Akatia sahihi na tarehe.

"Una wiki mbili," akasema. "Mtoto akae hapa kwenye kona. Rangi ziwekwe juu."

Nilitoka nje nikanawa uso. Sikuwa nalia kwa huzuni.

Jumamosi, 21 Juni

Bashir kwenye simu. "Umemfanya nini mama yangu?"

"Nimefumua."

"Ati umefumua? Kazi ya mama?"

Nikamwambia sikumtukana, sikumfukuza, nilikaa miguuni pake. Na nikamwambia sitazirudisha shibiri za mama yake mkekani hata aje kutoka Mandera kwa miguu. Halafu akasema, "Wewe na yeye ni kitu kimoja." Sijui kama ni sifa.

Jumatano, 25 Juni

Siku zote ni moja. Natafuna, nafunga mtoto, natembea, nafuma, namnyonyesha kwenye kona chini ya karatasi za rangi, nafuma. Hodhan amekuwa yaya wakati wa mapumziko. Anamwimbia Sumeya kwamba mama yake ni mbuzi mwenye A. Sumeya alivuta kopo la rangi akapaka ukuta buluu. Madam akasema huyo ndiye wa saba darasani.

Jumatatu ilikuwa sabini na mbili. Magome yanaisha. Migunga iliyo karibu na bulla yetu, mtaa wetu, imechunwa au imekatwa, iliyobaki ni miti ya mathenge, nayo haina uzi wa maana. Nimehesabu vifungu. Vitafika themanini na tano, labda tisini. Halafu?

Sijawahi kuchoka hivi maishani. Hata uchungu wa kuzaa ulikuwa na mwisho unaojulikana.

Ijumaa, 27 Juni

Kifungu cha mwisho kimeingia leo. Themanini na nane. Nimeuliza sokoni. Mzee wa mkaa alicheka. "Mama, gome unakula ama unapika?" Hana.

Kipimo ni mita moja. Pungufu ya hapo hawapokei.

Jumamosi, 28 Juni

Nilikuwa namwogesha Sumeya uani. Mlango ukasukumwa. Eddo, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mzigo kichwani umefungwa kwa kamba. Akautua chini. Haukuwa nguo.

Magome. Mabichi, marefu, yananuka mti bado. Amekwenda kuyachuna porini mwenyewe, yeye na dada yake, vikongwe wawili na panga.

Nilisimama na mtoto anachuruzika maji.

"Nimeleta," akasema. Akafungua kinywa akanionyesha ulimi, mweupe, safi, kama mtoto anayethibitisha hakula sukari. "Sijatafuna."

Akamchukua Sumeya mikononi mwangu akaingia ndani kumvisha. Nilisikia anamwambia, "Shangazi zako wa Sangailu wamekusalimia, wanasema mama yako ana kichwa cha punda." Kwa sauti, ili nisikie.

Nikakaa palepale kwenye maji nikaanza kutafuna.

Jumanne, 1 Julai

Mia moja na mbili jana. Leo sijapima. Eddo anakaa mkabala na mimi, mikono ameikalia. Kweli kabisa, ameiweka chini ya mapaja. Nikikosea anakohoa.

Ijumaa, 4 Julai

Mia moja na kumi na mbili. Nilipanga mia na ishirini. Imetosha.

Tuliuweka mezani pamoja na kazi za wale watano. Wangu hauna rangi. Ni kahawia tu, na mstari mmoja wa kitambaa chekundu, nilichokata kwenye shela yangu ya harusi. Sentimita kumi za mwisho ni nzuri kuliko kumi za kwanza, mtu yeyote ataona. Nyuzi zimekuwa nyembamba. Karibu kama za Eddo, si kabisa.

Nikatia sahihi. Jina langu lote, na la baba yangu, na la babu yangu.

Madam ataufunga kwenye karatasi kesho. Nilitaka kuugusa tena nikaona aibu. Nikaugusa.

Jumapili, 6 Julai

Ukuta wa chumba uko mtupu, umebaki msumari. Nililala mchana, saa nzima, sikumbuki mara ya mwisho.

Nilipoamka Eddo alikuwa uani kwenye kivuli. Amefungua sanduku la bati, ametoa nyuzi zile nilizofumua, amezitandaza juu ya vijiti viwili. Ameanza mstari wa kwanza. Sumeya anashika ncha ya uzi na kuitia mdomoni.

Hakuniita. Alisogea kidogo tu, upande mmoja wa mkeka ukabaki wazi.

Nikakaa hapo.