Managu ya Kerubo

Jumanne, Mei 1968

Hata sasa bado naona haya. Wiki iliyopita nilimgombeza Kerubo mbele ya wanawake wenzake wote wanaopalilia shamba la chai, kwa sababu alificha managu, zile mboga chungu zinazojiotea, kwa kikapu. Nilimwambia mimi ndiye nyapara, na kwangu kila kitu kinachoota katikati ya majani chai ni kwekwe.

Leo nesi amemwangalia Chebet wangu machoni, akasema damu yake imepungua. Akauliza mtoto anakula nini. Ugali na chai, nikajibu.

"Mpe managu, maharagwe, mayai. Si viko huko kwenu, mzee?"

Managu ningetoa wapi? Nilienda kwa Kerubo. Alicheka mpaka akakaa chini. "Nyapara, siku hizi unakula kwekwe?" Lakini alinichumia kikapu kizima nyuma ya nyumba yake, akasema yapikwe na maziwa, uchungu upungue.

Mama Chebet akipika, mimi bado nilikuwa nanung'unika: kwekwe, kwekwe tu.

Wasiwasi haujaisha. Nikimbeba mtoto, ni mwepesi sana. Lakini jioni hii alimaliza yote, akapangusa sahani kwa ugali, akanisukumia.

"Baba, ongeza kwekwe."