Betri Mbili za Chombo cha Setilaiti

Kinoru, Meru
Jumapili, 18 Agosti 1996

Kwako rafiki yangu Ciakuthii, Mama Runji,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na Runji na nyanya yake. Natumaini baridi ya Laare imewahurumia na kikohozi cha mtoto kimekwisha. Kama bado, mfunge kifua vizuri. Sisi huku tuko salama. Lorna ameota meno mawili, na siku hizi ananiuma akinyonya halafu ananitazama usoni kama mtu asiye na kosa.

Barua yako niliipata Jumanne. Mkono wa mume wako Marete uko ndani ya plasta bado, lakini Ireri wangu anasema vidole vinacheza. Uliniomba nimsihi Ireri amtetee mwenzake Ijumaa hii, kesi yake itakaposikizwa kambini. Hapo niliposoma nilikunja barua nikaiweka chini ya godoro. Nimeitoa leo ili nikujibu.

Najua hujaelezwa vizuri yaliyotokea kule nyikani, kwa hivyo nakuandikia vile nilivyosikia kwa Ireri. Katika hayo mazoezi ya jeshi walikuwa wateke kilima. Kumbe vifaru haviendei kilima uso kwa uso. Vitatu vilibaki nyuma ya mwinuko vikionyesha mizinga tu, ili adui aangalie huko, na vinne vikazunguka kupitia bonde vitokee mgongoni mwake. Cha mbele alikiongoza Ireri, na dereva alikuwa Marete. Bonde lile ni baya. Miiba inafanana pande zote, na mvua imechimba makorongo ambayo hayako kwenye ramani. Ndiyo sababu walipewa kile chombo cha setilaiti, kikubwa kama tofali, kikiwa na njia salama ndani yake, hatua kwa hatua. Marete alikiwekea betri mpya Ijumaa kabla ya mazoezi na kutia sahihi.

Jumatatu yake, katikati ya bonde, chombo kikazimika. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu. Marete akasema wasimame, Ireri akamwambia apige mwendo, wale wa nyuma watawagonga. Wakakata kona mahali si pake, kifaru kikateleza na kulala ubavu ndani ya korongo, mkono wa Marete ukavunjika. Chombo kilipofunguliwa, betri mbili kati ya nne zilikuwa kuukuu, zina kutu. Wakubwa wakasema Marete ameuza zile mpya. Hata Ireri alikuja hapa akasema, huyo mtu wa Laare ametuuza ili apate pesa za kutafuna miraa. Nilimsikia, nikampakulia chakula.

Mama Runji, aliyebadilisha betri hizo ni mimi.

Jumamosi ile Ireri alileta chombo nyumbani, na hairuhusiwi. Alitaka kukizoea. Alikizungusha uwanjani watoto wakimfuata nyuma wakimwuliza kama anaongea na ndege ya Mungu. Nikamcheka, nikamwuliza kama sasa atahitaji setilaiti kumwonyesha njia ya choo. Alicheka pia. Tulikuwa na furaha siku hiyo.

Jumapili, kwaya ya kanisa letu la Runyenjes ilikuwa iimbe redioni, wale akina mama niliokuwa nikiimba nao kabla sijaolewa. Betri za redio yangu zilikuwa zimekufa. Nilikuwa nimezianika juu ya bati tangu Ijumaa, vile sisi sote hufanya, zikapata nguvu kidogo tu. Ireri alikuwa akioga. Nikatoa mbili kwa chombo, nikaweka zangu mahali pake, nikijiambia wimbo ukiisha nitarudisha. Lorna akatapika. Nilipokuwa nikimwosha, gari la kambi likaja mapema likapiga honi. Ireri akabonyeza chombo, kikawaka, akakitia kwa mfuko akakimbia. Nami nilipoona kimewaka nikajiambia kitatosha.

Baadaye akaniambia nisiseme kwa mtu kwamba chombo kililala kwetu, atavuliwa cheo. Nikawa na siri mbili, yake na yangu, na mume wako amefungiwa.

Jana nimemwambia Ireri yote. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alimpakata Lorna muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikumwita pale mlangoni. Akasema hata yeye ana kosa lake, Marete alitaka kusimama, yeye akakataa, na kwamba kesho ataenda kwa kapteni kusema. Mimi namwamini. Lakini Marete amekaa ndani wiki mbili, na si haki aendelee kungoja ati kwa sababu mimi namwamini mume wangu. Kwa hivyo barua hii usiiweke. Ipeleke kambini wewe mwenyewe kabla ya Ijumaa, umpe kapteni mkononi. Ireri anajua nimekuandikia.

Wakimfukuza Ireri kazi, tutarudi Runyenjes tuchume chai. Kuchuma najua. Nisamehe ukiweza. Kama huwezi sasa, ipeleke tu, uniseme vibaya ukiwa njiani, nami nitakuwa nakuombea huku.

Mpe Runji busu, na nyanya yake umwambie namheshimu hata kama sasa hatataka kusikia jina langu. Jina lenyewe nimeliandika lote, na namba ya kitambulisho, wasije wakasema ni umbea wa wanawake.

Ni mimi mwenye aibu,
Peninah Wambeti Ireri
(namba iko nyuma ya karatasi)